Mbao Bila Muhuri: Kazi Inayovisubiri Vyama vya Wazalishaji wa Mbao Nyanda za Juu Kusini

Mwaka juzi, wakati wa kuezeka nyumba ya mama yangu, fundi alishusha mbao ya kwanza kutoka kwenye lori, akailaza juu ya matofali mawili, kisha akavuta futi kamba na kuipima kabla hajauliza chochote. Ilikuwa milimita 45 kwa 90. Ya pili ilikuwa 48 kwa 95. Ya tatu ilikuwa na unene wa milimita 50 kwenye ncha moja na 43 kwenye ncha ya pili. Zote tatu ziliandikwa kwenye risiti kwa jina moja, mbili kwa nne, na zote tatu zilikuwa na bei moja. Fundi hakushangaa wala hakulalamika. Alichomoa penseli sikioni akaanza kuzitenga: nene na zilizonyooka ziende kwenye kenchi, nyembamba ziende kwenye dari, zilizojikunja zisubiri kazi ya kufungia zege. Tulimaliza asubuhi nzima katika shughuli hiyo. Kazi aliyokuwa akiifanya pale uani, kwa gharama ya muda wake na wa kwangu, ni kazi ya kupanga madaraja ya mbao, na ilipaswa kuwa imekwisha kufanyika zaidi ya kilomita 500 kutoka pale, katika kiwanda kilichozipasua.

Nimeianza makala hii na mbao tatu za mama yangu kwa sababu naamini ndizo zinazoeleza vizuri zaidi kwa nini vyama vya wazalishaji wa mbao katika mikoa ya Iringa na Njombe, pamoja na shirikisho lao la kitaifa, bado havijapata sauti inayolingana na ukubwa wa biashara wanayoiendesha. Chama cha wazalishaji wa mbao hupata nguvu pale kinapoweza kumwambia mnunuzi asiyekijua kwamba mbao yenye alama yake ina kipimo hiki, ukavu huu na ubora huu, na pale kinapokuwa tayari kumnyang'anya alama hiyo mwanachama anayeivunja ahadi. Kisipoweza hayo mawili, kinabaki kuwa mkusanyiko wa watu wanaopeleka maombi ofisini, na maombi hujibiwa au hayajibiwi kwa hiari ya anayeombwa.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyonikera kuliko yote. Inchi mbili kwa nne kamili ni milimita 50.8 kwa 101.6. Mbao ya 45 kwa 90 ina takribani asilimia 78 tu ya mti ambao mnunuzi anadhani ameulipia, yaani zaidi ya sehemu moja katika kila tano imebaki njiani. Lakini hasara ya mti ni ndogo ukilinganisha na hasara ya nguvu. Uwezo wa mbao kubeba mzigo bila kuvunjika unategemea kimo chake kikizidishwa kwa chenyewe, na ukakamavu wake, yaani uwezo wa kutopinda chini ya mzigo, unategemea kimo hicho kikizidishwa kwa chenyewe, kisha kwa chenyewe tena. Ukiipiga hesabu hiyo, mbao ile ya kwanza ina karibu asilimia 70 ya nguvu ya mbili kwa nne kamili, na ukakamavu wake ni asilimia 62 hivi. Fundi mwenye uzoefu anajua hilo kwa mkono bila kuliandika, na ndiyo maana huongeza mbao kwenye kenchi au husogeza kenchi karibu karibu. Nyongeza hiyo analipa mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye, akijenga tena, huanza kuulizia mabati yenye fremu za chuma, na hapo mzalishaji wa mbao amempoteza mteja bila hata kujua jina lake.

Itakuwa dhuluma kusema kwamba mpasuaji wa Mufindi au wa Njombe anaiba. Wengi wao hawaibi. Anayetaka kuelewa tofauti ile ya milimita saba kati ya ncha moja na nyingine asimame nusu saa tu kando ya mashine ya dingdong ikifanya kazi. Ni msumeno wa duara uliofungwa kwenye fremu ya chuma iliyochomelewa na fundi wa mtaani, unaozungushwa kwa mkanda kutoka kwenye injini ya dizeli ambayo mara nyingi ilikwisha kustaafu kazi nyingine. Gogo husukumwa kwa mikono na vijana wawili au watatu, na mmoja hulipokea upande wa pili. Kinachoamua unene wa mbao ni kizuizi cha chuma au cha ubao kinachosogezwa kwa nyundo, macho ya mwendeshaji, na namna gogo lenyewe linavyotetemeka linapokutana na fundo. Meno ya msumeno huo ni mapana, kwa hiyo kila mkato hula milimita kadhaa za mti na kuzigeuza vumbi. Mwisho wa siku lundo la vumbi na mabanzi kando ya mashine linashindana kwa ukubwa na lundo la mbao. Kwa upande mwingine mashine hiyo ni rahisi, inahamishika, inafuata miti shambani badala ya miti kuifuata, na ndiyo iliyowapa maelfu ya vijana wa nyanda hizi ajira ya kwanza. Kuitukana ni rahisi kwa mtu ambaye hajawahi kutafuta mtaji.

Basi kwa nini vyama havikulishika jambo la kipimo tangu mwanzo? Jibu, kwa maoni yangu, liko katika namna vilivyozaliwa. Shamba la miti la Sao Hill wilayani Mufindi, lililoanza kwa upandaji wa majaribio mwaka 1939 na ambalo leo lina eneo la zaidi ya hekta 135,000, ndilo kubwa kuliko yote ya Serikali, na kwa miongo mingi ndilo lililokuwa chanzo kikuu cha magogo ya misindano nchini. Upandaji wake mkubwa ulifanyika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, na miti hiyo ilipokomaa, viwanda vidogo viliota kuuzunguka mji wa Mafinga kama uyoga baada ya mvua. Kila mwenye kiwanda alihitaji kitu kimoja kuliko vyote, nacho ni mgao wa magogo. Chama kilikuwa njia ya kuutafuta mgao huo kwa pamoja, na baadaye njia ya kulalamikia ada, ushuru na hati za kusafirishia. Shirikisho la Viwanda vya Misitu Tanzania, ambalo wengi wanalijua kwa kifupi cha SHIVIMITA, limeifanya kazi hiyo ya kusemea wenye viwanda mbele ya wizara na mbele ya Wakala wa Huduma za Misitu, na ni kazi halali ambayo lazima iwe na wa kuifanya. Lakini chama kilichozaliwa mlangoni pa mgawaji hujifunza lugha ya mlangoni. Kinajua kuomba, kusubiri na kushukuru. Mazoea ya kumkagua mwanachama wake yenyewe hayana pa kuanzia, kwa sababu mwanachama hakujiunga ili akaguliwe.

Majirani zetu wa Kenya wamekwisha kuonja uchungu wa kuutegemea mlango mmoja. Mwezi Februari 2018 Serikali ya Kenya ilisitisha uvunaji katika misitu ya umma. Tangazo la kwanza lilikuwa la siku 90, kisha likaongezwa, kisha likaongezwa tena, hadi Julai 2023 Rais William Ruto alipotangaza kuondolewa kwake. Miaka mitano na zaidi. Mji kama Elburgon, ambao ulisimama juu ya viwanda vya kupasua mbao, ulishuhudia misumeno ikinyamaza mmoja baada ya mwingine. Chama cha watengenezaji mbao cha huko kilipaza sauti kwa kadiri kilivyoweza, lakini kilikuwa kikiomba kitu ambacho aliyekuwa nacho alikuwa na sababu zake za kukizuia, na wananchi wengi, kwa kuona mito ikikauka, walikuwa upande wa katazo. Katika kipindi hicho wanunuzi kutoka Kenya walionekana kwa wingi Mafinga na Makambako wakitafuta mbao, na bei ikapanda. Kwetu ilikuwa neema. Sina hakika kama tulijiuliza vya kutosha neema hiyo ingetuachia nini siku mlango wa kule utakapofunguliwa, kwa sababu mnunuzi aliyekuja kwa shida ya kukosa hana sababu ya kurudi akishapata kwake, isipokuwa kama amekuta kwako kitu ambacho kwake hakipo.

Wakati vyama vikiwa vimeukodolea macho mgao wa Sao Hill, mambo yalibadilika chini ya miguu yao. Wananchi walianza kupanda. Ukipita leo kutoka Mafinga kuelekea Njombe, au ukichepuka barabara kuu kuingia vijijini, utaona misindano na milingoti kwenye vilima ambavyo miaka 20 iliyopita vilikuwa nyasi tupu: ekari mbili za mwalimu, ekari tano za mjane, ekari 50 za mtu anayeishi Dar es Salaam na kuja mara moja kwa mwaka kukagua. Mwaka 2014 Tanzania na Finland zilianzisha Programu ya Panda Miti Kibiashara kuwasaidia wakulima wa namna hiyo, na vikundi vya wapanda miti vikaundwa kijiji kwa kijiji, baadaye vikawa na umoja wao wa kitaifa. Sehemu kubwa ya magogo yanayopita kwenye dingdong sasa yanatoka kwenye mashamba hayo ya watu binafsi, ambako hakuna mgao wala kibali cha kitalu cha Serikali kinachogombewa. Maana yake ni kwamba sababu ya kwanza ya kuwa na chama inazidi kudhoofika kila mwaka, na chama kisipojitafutia sababu ya pili kitabaki na mihuri ya ofisi na viti.

Hapa ndipo suala la daraja linapogeuka kuwa suala la mkulima, na naomba msomaji anivumilie nilieleze taratibu, kwa kuwa ndicho kiini cha hoja yote. Mti wa msindano unaokusudiwa kutoa mbao za ujenzi unapaswa kukaa shambani miaka 18 na zaidi. Wakulima wengi wadogo wanavuna kabla hata ya miaka 10. Sababu zinajulikana: ada ya shule, ugonjwa, msiba, hofu ya moto wa kiangazi unaoweza kumaliza shamba kwa alasiri moja. Mbao inayotoka kwenye mti mchanga ni kitu kingine kabisa, hata kama macho hayaoni. Kiini cha msindano, yaani ule mti uliojengwa katika miaka yake ya mwanzo, ni chepesi, hakina nguvu, na kikikauka hufupika kwa urefu na kujisokota kwa namna ambayo mti mkomavu haufanyi. Gogo la miaka minane ni kiini kitupu. Zile mbao zilizojikunja ambazo fundi wetu alizisukuma pembeni, kwa sehemu kubwa, zilikuwa historia ya mtoto fulani aliyetakiwa kurudi shule mwezi wa kwanza.

Sasa tazama soko linavyomjibu mkulima. Mbili kwa nne iliyotoka kwenye mti wa miaka minane na iliyotoka kwenye mti wa miaka 20 zinakaa kwenye rundo moja, zinapakiwa kwenye Fuso moja, na zinauzwa bei moja kwa kipande. Mkulima aliyevumilia miaka 12 ya ziada atapata vipande vingi zaidi kwa mti, ndiyo, lakini kwa kila kipande hapati hata shilingi ya uvumilivu wake. Mwanga wa daraja haujawahi kumfikia. Tunawahubiria wakulima kwenye semina wasivune mapema, nao wanatusikiliza kwa adabu, kisha wanavuna, kwa sababu soko limewapa hesabu tofauti na ile ya mhadhiri. Mafunzo ni mazuri na yaendelee, lakini hayawezi kushindana na bei. Kinachoweza kuibadilisha bei ni alama juu ya mbao inayosema hii imetoka kwenye mti mkomavu, imenyooka, imekauka, na mnunuzi akiwa tayari kuilipia tofauti kwa sababu anaiamini alama. Mwenye uwezo wa kuiweka alama hiyo, karibu na msumeno na kila siku, ni chama cha wenye misumeno.

Kuna watu waliopita njia hii kabla yetu, nao hawakuwa malaika. Kusini mwa Marekani, katika majimbo kama Louisiana, Mississippi na Texas, mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na mamia ya viwanda vilivyopasua misindano, vikubwa vya makampuni na vidogo vya kuhamahama vilivyofuata miti kama dingdong zetu. Chama chao cha awali, cha wazalishaji wa msindano wa manjano, kilituhumiwa kwamba kinapanga bei na kuzuia uzalishaji, na kesi ya sheria ya ushindani katika jimbo la Missouri ikakimaliza. Mwishoni mwa mwaka 1914 wazalishaji walikutana New Orleans na kuunda kingine, Southern Pine Association. Hata chama kipya hakikuponyoka kirahisi katika tuhuma za namna hiyo, lakini kiliweka uzito mkubwa katika kitu ambacho hakuna hakimu angeweza kukikataza: sheria za madaraja, na wakaguzi waliozunguka viwandani kuhakikisha kwamba daraja lililoandikwa ndilo lililomo. Mwaka 1940 kazi ya ukaguzi ilitengwa ikawa na chombo chake, Southern Pine Inspection Bureau, ambacho muhuri wake unagongwa kwenye mbao hadi leo.

Muhuri huo ni mdogo, unaenea kwenye kiganja, lakini ndani yake kuna mambo matano: alama ya chombo kinachokagua, namba ya kiwanda, daraja, aina ya mti, na hali ya ukavu wakati mbao iliporandwa. Namba ya kiwanda ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mbao ikimvunjia mtu moyo akiwa mbali na msitu, anajua ni nani wa kumuuliza. Mbao za mama yangu hazina wa kuulizwa. Muuza duka alizinunua kwa dalali, dalali alizikusanya kwenye misumeno minne au mitano, na kila mmoja wao ana haki ya kusema yeye hakuzipasua.

Kisa cha Marekani kina sehemu ya pili inayopaswa kututia moyo. Wazalishaji wa kila eneo walikuwa na unene wao wa mbao, na kwa kuwa nauli ya reli ilitozwa kwa uzito, kila mmoja alishawishika kuipunguza kidogo ili apakie zaidi. Ugomvi huo ulitulia baada ya Wizara ya Biashara, chini ya Herbert Hoover kabla hajawa rais, kuwaweka meza moja wazalishaji, wauzaji na watumiaji, na mwaka 1924 viwango vya kwanza vya taifa vya mbao laini vikachapishwa. Mbili kwa nne iliyorandwa ikawa inchi moja na tano juu ya nane kwa tatu na tano juu ya nane. Mwaka 1970 ikapunguzwa tena hadi inchi moja na nusu kwa tatu na nusu, yaani takribani milimita 38 kwa 89.

Msomaji makini atakuwa ameshtuka, kama nilivyoshtuka mimi nilipoilinganisha mara ya kwanza. Mbili kwa nne ya Marekani ni ndogo kuliko ile mbao ya kwanza iliyomkera fundi wangu. Ni nyembamba kwa milimita saba. Lakini hakuna paa linaloyumba huko kwa sababu hiyo, kwa kuwa mhandisi anayechora kenchi anajua ni 38 kwa 89, imekauka hadi unyevu usiozidi asilimia 19, ni ya daraja fulani, na nguvu ya daraja hilo imo kwenye jedwali mezani pake. Kwa hiyo wazalishaji wetu hawahitaji kuona haya kwa milimita 45 kwa 90. Wakikubaliana kwamba hiyo ndiyo mbili kwa nne ya Nyanda za Juu Kusini, waiandike hivyo, waiuze hivyo, na ya milimita 43 ikataliwe getini, watakuwa wamemfanyia mnunuzi wema mkubwa kuliko kumuuzia jina la inchi ambazo hazipo. Tatizo letu halijawahi kuwa udogo wa mbao. Ni kwamba kila mbao ina udogo wake.

Najua majibu nitakayopewa, na baadhi yake ni mazito. Lipo la kwanza kwamba viwango ni kazi ya Serikali: Shirika la Viwango, TBS, wapo, Wakala wa Vipimo wapo, chama kitafanya nini zaidi? Viwango vya Serikali ni lazima viwepo, na muhuri wa chama unapaswa kusimama juu yake, usishindane navyo. Lakini mkaguzi wa Serikali hawezi kuwa kando ya kila dingdong kila asubuhi, na akija, anakuja kama mtoza faini, kwa hiyo anafichwa. Mkaguzi aliyeajiriwa na wapasuaji wenyewe, anayelipwa kutokana na mchango mdogo kwa kila meta ya ujazo, anaweza kuja kama mwalimu kwa mwezi wa kwanza na wa pili. Mwezi wa tatu ndipo anapoanza kukataa.

La pili ni zito zaidi, na sina jibu jepesi. Wapasuaji wadogo wanaogopa kwamba daraja litakuwa fimbo ya wakubwa. Kiwanda chenye msumeno wa mkanda na tanuru la kukaushia kitapita mtihani wowote siku ya kwanza, wakati mwenye dingdong ataambiwa mbao zake ni takataka. Hofu hiyo ina msingi. Kusini mwa Marekani misumeno midogo ilibaki nje ya chama kwa miaka mingi, na wakubwa waliitumia lugha ya ubora kuisukuma pembeni. Kwa sababu hiyo ningependa daraja letu la kwanza liwe dogo na lenye kufikika: vipimo viwili tu, unene usiopungua kile kilichokubaliwa kwenye ncha zote mbili, na ukavu. Unene unarekebishwa kwa kizuizi kizuri cha chuma chenye skrubu badala ya nyundo, kitu ambacho mchomeleaji yeyote wa Mafinga anaweza kukitengeneza. Ukavu hauhitaji tanuru. Unahitaji banda lenye paa, vijiti vya unene sawa vya kutenganisha tabaka za mbao ili upepo upite, na wiki kadhaa za subira. Msindano uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yenye uzito sawa na mti wenyewe au zaidi, na anayesafirisha mbao mbichi analipia nauli ya maji kutoka Mufindi hadi pwani, kisha anayagawa bure kwenye paa la mteja, ambako yanatoka polepole yakilegeza misumari. Banda la pamoja la kikundi, na kipima unyevu kimoja cha kushika mkononi, ni vitu ambavyo wanachama 20 wanaweza kuvinunua bila kumsubiri mfadhili. Kinachowazuia kusubiri wiki hizo ni njaa ya fedha ya juma hili, kwa hiyo chama chenye akili kitaunganisha banda na mkopo: mbao zikiingia bandani, mwenyewe anapewa sehemu ya thamani yake, na sehemu iliyobaki analipwa mbao zikitoka zimekauka na kugongwa muhuri. Wakulima wa mazao mengine wameizoea stakabadhi ghalani miaka mingi. Sioni kwa nini mbao, ambayo haiozi upesi kama nyanya, ishindwe.

Kuhusu mbao za kuwekwa dawa nitasema kwa ufupi. Rangi ya kijani peke yake haithibitishi chochote. Mbao iliyopitishwa kwenye mtambo wa shinikizo na mbao iliyochovywa kwenye pipa vinaweza kufanana rangi, na tofauti huonekana mchwa wanapofika. Muhuri wenye namba ya mtambo ungelimaliza shaka hilo.

Yako mambo ambayo chama hakipaswi kuyagusa, na hapa ningesihi viongozi wawe waangalifu. Bei ikishuka, kishawishi cha kwanza katika mkutano wowote wa wazalishaji ni mtu kusimama na kupendekeza wote wakubaliane bei ya chini, au wasimamishe misumeno wiki mbili ili mbao ziadimike. Sheria yetu ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mapatano ya kupanga bei kati ya washindani, na Tume ya Ushindani haitajali kwamba waliopatana ni wapasuaji wadogo wenye madeni. Mwaka 1921 Mahakama Kuu ya Marekani iliupiga marufuku mpango wa chama cha wazalishaji wa mbao ngumu, ambao walikuwa wakipeana taarifa za bei na akiba na kushauriana wazi wazi wapunguze uzalishaji. Miaka minne baadaye mahakama hiyo hiyo iliwaruhusu watengenezaji wa sakafu za mbao kukusanya na kuchapisha takwimu za gharama, mauzo na akiba, kwa kuwa zilikuwa za jumla, ziliwekwa wazi, na hawakupatana bei. Mpaka kati ya kesi hizo mbili ni mwembamba lakini unafuatika. Chama kinaweza kuchapisha kila Jumatatu ni vipande vingapi viliuzwa juma lililopita Mafinga na Makambako, na kwa wastani wa bei gani, ili mkulima wa ndani kabisa, ambaye leo anategemea neno la dalali, awe na taarifa ileile aliyonayo mnunuzi. Kisimwambie mtu yeyote auze kwa bei gani.

Jambo moja limebaki, nalo ndilo litakaloamua kama muhuri utakuwa na maana au utakuwa pambo jingine. Siku moja, pengine katika miezi sita ya kwanza, mkaguzi atakuta mbao nyembamba au mbichi zimegongwa muhuri, na namba ya kiwanda itakuwa ya mtu anayeheshimika: mwanachama mwanzilishi, mchangaji mkubwa, pengine mwenyekiti mwenyewe. Chama kitakuwa na siku chache za kuamua. Fundi wangu hatajua lolote kuhusu kikao hicho, lakini atalijua jibu lake atakapovuta futi kamba kwenye lori lijalo, akapima mbao tatu za mwanzo, na kuamua kama ya nne inahitaji kupimwa.